Shati la Njano la Chumba cha Macho

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi ni mtu wa bahati, na daftari hili lijue mapema. Miaka kumi na miwili sasa, kila asiyeona aliyefanyiwa operesheni hospitali yetu, uso wa kwanza kuuona ni wangu: Shaweji, mkalimani wa chumba cha macho. Bandeji inatoka, nimesimama na shati la njano, nauliza, rangi gani hii? Wanalia. Wanacheka. Wananiletea nazi. Nimekaa Dar miezi miwili, sikuona mtu mwenye bahati ya namna hiyo.

Leo habari kubwa. Barua kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu (si kile kisiwa). Nafasi moja ya kusomea ufundi wa macho, Nampula. Wamegundua (wamechelewa!) kwamba mafundi wa macho mkoa mzima ni wanaume, tena karibu wote wa kutoka kusini, hawajui kumwuliza bibi wa huku kama jicho linawasha au linachoma. Safari hii wanataka mtu wa hapa, aliyekwisha kuwahudumia wagonjwa kwa mkono wake. Na wanawake wapewe uzito.

Mtu wa hapa: mimi. Mwanamke: nimelelewa na shangazi wanne. Umri: barua haikusema. Nimeisoma mara mbili.

Mpinzani mmoja tu. Domingas, Mmakonde wa Mueda, mtani wangu. Kwenye karatasi za hospitali yeye ni servente, mtu wa kufagia. Mara mbili zilizopita nafasi zilikwenda kwa vijana wageni, na yeye ndiye aliyewaonyesha matone yanakaa wapi. Akikosa na hii, amesema, basi, anarudi kulima.

Nitamkumbuka.

Jumanne, 5 Agosti

Nimelifuta vumbi daftari kubwa la wagonjwa. Silaha yangu.

Loo, daftari hili! Lilianza na Dona Judite, nesi wa Mucojo aliyekifungua chumba chetu. Siku zile kulikuwa na mkeka mlangoni, kahawa ya tangawizi, redio inayoshika Mtwara. Domingas alikuja kufagia. Wiki ya pili Judite akampa tochi amshikie, akaona mkono hautetemeki. Tangu hapo matone ni Domingas, kuosha macho ni Domingas, kufunga bandeji na kuifungua, Domingas. Ila jina la servente haliruhusiwi daftarini. Judite akaniambia, andika wewe, una mwandiko. Nikaandika. Matone: Shaweji. Bandeji: Shaweji. Kurasa na kurasa. Kwa kulinda utaratibu.

Mwaka wa mbio, vita vilipoingia mjini, Judite alikimbia na daftari hili kichwani mpaka Namoto, mpakani, masufuria kayaacha. Pale akaniachia daftari, akavuka mto, hakurudi tena. Chumba kilichojengwa upya kina vigae. Mkeka hakuna.

Domingas amenikuta nafunua kurasa, akauliza natafuta nini. Nikamwambia kumbukumbu. Haikuwa uongo mtupu. Nimelikuta jina la mama yangu. Zuleha, jicho la kulia. Siku ile alinitazama weee, kisha akasema kumbe amezaa mzee. Chumba kizima kikaanguka kwa kicheko. Nimekaa kidogo na daftari mapajani.

Jumatano, 6 Agosti

Mchana, fundi wetu Fábio (kijana wa kusini, viatu safi) alimwambia Domingas kuwa nafasi ile ni ya watu wa taaluma, kisha akamwomba amfutie kiti. Akakifuta. Mimi nikacheka, maana Fábio ni mkubwa wangu. Kisha nikatoka haraka, macho ya Domingas yasinikute.

Lakini mpango lazima uende. Nimemfuata Bi Somoe, muuza vitumbua, aliyefanyiwa jicho mwaka juzi. Nimemwomba aje kesho na wenzake, wamejipaka msiro wao mweupe usoni, waseme mbele ya wakubwa nani aliyewahudumia. Akakubali pale pale. Hiyo ndiyo faida ya kupendwa!

Alhamisi, 7 Agosti

Balaa.

Wamekuja wawili: Arlete, mkubwa wa mafunzo kutoka Pemba, na daktari Assane wa macho. Arlete akafunua daftari. Wagonjwa mia sita na kitu, wote wa Shaweji! Nikainamisha kichwa kwa adabu. Domingas yuko mlangoni, ombi lake kalifunga kwenye pindo la kapulana, kanga yake ya kiunoni. Arlete akamwuliza kazi yake imeandikwa wapi. Akasema, humo humo. Wapi humo? Domingas akanitazama. Nikatazama vigae.

Ndipo daktari Assane akaniambia nimfunge Bi Somoe bandeji, waone mkono wangu.

Nikaanza vizuri. Bandeji ikapita juu ya jicho, ikashika sikio, ikabeba pua. Msiro wote ukahamia kwenye mikono yangu. Bi Somoe akawa furushi la kuvushwa Namoto. Akasema kutoka humo ndani:

"Shaweji mwanangu, kazi yako ni shati. Mwite mwenye mkono wake."

Wenzake wakaitikia. Fábio akasema kwa Kireno kwamba vikongwe hawa hawajui taaluma ni nini. Arlete akaweka kidole kwenye daftari, akataja jina. Domingas akasema jicho gani, lilivimba siku ngapi, nani alimleta. Jina jingine. Akajibu. La tatu likaangukia Zuleha. Domingas akasema, jicho la kulia, alikuwa anaogopa, tulimwimbia.

Arlete akanigeukia. Kazi hii ya nani?

Uongo nilikuwa nao, umeiva. Lakini nilikumbuka vidole vilivyomfunga mama yangu kichwa, taratibu, kama vinamsuka.

"Kalamu ni yangu, dona," nikasema. "Mkono ni wake."

Daktari akampa Domingas tochi, amwonyeshe anavyopima. Jicho lililokuwa karibu ni langu. Akalitazama muda mrefu.

"Mtani," akasema polepole, "hili la kushoto halioni tangu lini?"

Tangu mwaka juzi. Ubao wa herufi ukutani naujua kwa moyo, nauimba kama dua, nani angejua? Mtoto wa jicho! Mimi, wa chumba cha macho!

Jumatatu, 11 Agosti

Jibu limekuja: Nampula anakwenda Domingas. Hakuruka wala hakupiga vigelegele. Alikwenda nyuma ya ghala, akarudi macho mekundu, akaendelea kufagia.

Mimi adhabu: kuandika upya kurasa zote, kwa jina lake, kwa jicho moja. Nimefika mwaka wa pili. Mkono unauma, lakini kila jina linanirudisha kwenye mkeka ule, na kahawa, na Judite anaimba kwa sauti mbovu. Fábio leo amefuta kiti mwenyewe. Amekifuta vibaya.

Daktari Assane amebaki kufanya operesheni. Kesho nimo.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefunguliwa. Nilimvalisha Haruna, mlinzi wa mlangoni, lile shati la njano, asimame mahali pangu, mila isipotee.

Bandeji ikatoka. Mwanga. Na karibu kabisa, pua kwa pua, uso wa Domingas. Kovu juu ya nyusi. Mvi, ameziota lini? Akanishika kidevu, akanipangusa machozi kwa pamba. Haruna nilimwona baadaye, huko nyuma, kitu cha njano kinapunga mikono.

Domingas akauliza rangi gani. Nikajibu njano. Akacheka. Sikucheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Soko zima sasa linajua kuwa mimi ndiye niliyemchagua Domingas. Nimewaeleza. Nimeandika pia barua Pemba kuomba nafasi ijayo: nina uzoefu wa mkalimani, mwandishi, na sasa mgonjwa. Nani atashindana na hiyo?

Nimenunua shati jipya, jekundu. Domingas akiondoka, bandeji atafungua Fábio, na Fábio ni mwembamba. Nitasimama mbele yake.

Lakini ile bahati niliyoiandika mwanzoni ni uongo. Hakuna hata mmoja aliyeniona mimi kwanza.