Moshi wa Jalala Unavyonitesa

Jumatatu, 4 Machi
Jalala limepanuliwa tena. Ukuta wao umesogezwa hadi kwenye kamba zangu za kuanikia. Sasa kuna tingatinga jipya (jipya kwao, linatoa moshi kama limekula matairi), jenereta kubwa kama chumba, na foleni ya malori yanayosubiri zamu ya kumwaga taka huku yakiunguruma tangu asubuhi. Hakuna anayezima injini. Hakuna! Mashuka ya nyumba ya wageni nimeyafua, nikayarudia, yakakauka na madoadoa kama chui. Mimi ni dobi, si mchoraji.

Mama mkwe, anayekaa nasi kwa sababu ya pumu yake, kakohoa mchana kutwa. Kati ya kikohozi na kikohozi akapata pumzi ya kuuliza mwanamume wa nyumba hii yuko wapi. Nilikuwa nimesimama mbele yake.

Jumanne, 5 Machi
Kikao cha majirani. Nilijiandaa kuchaguliwa mwenyekiti, shati nimelipiga pasi hadi kola. Wakamchagua kinyozi! Mtu ambaye hawezi kunyoosha mstari wa ndevu atamnyoosha vipi msimamizi wa jalala? Hoja yake: twende tukawaombe madereva wazime injini wakiwa kwenye foleni. Kuomba! Mke wangu akaunga mkono, tena kwa makofi. Njiani nikamweleza kwamba watu wale hawaombwi, wanabanwa. Akaniambia nitazame ninapokanyaga. Nilikuwa nimeshakanyaga mtaro.

Alhamisi, 7 Machi
Nina mpango. Afisa wa mazingira anakuja kesho kupima hewa. Nimetandaza mashuka meupe juu ya ukuta wa jalala, yachafuke vizuri, ajionee mwenyewe. Ushahidi! Kinyozi kapita, kauliza kama nimeanza kuuza bendera. Wivu tu.

Ijumaa, 8 Machi
Balaa. Upepo uligeuka, moshi wote ukaenda kwa kinyozi. Mashuka meupe pe! Sijawahi kufua vizuri namna ile. Msimamizi wa jalala kayaona, kacheka, kayapiga picha. Kisha akamgeukia afisa: “Unaona mwenyewe, mheshimiwa. Majirani wanaanika hadi ukutani kwetu.” Afisa akaandika. Nikamweleza habari ya upepo. Akaandika pia, ila kwa ufupi zaidi. Kaifunga mashine ya kupimia hewa kwenye nguzo karibu na kwangu, ataifuata Jumatatu.

Jioni mama mkwe alibanwa kifua, tukamkimbiza zahanati. Muuguzi akamvutisha dawa. Nilimshika mkono, hakuuondoa. Sikupenda ulivyokuwa mwepesi.

Jumapili, 10 Machi
Malori hayaji leo. Hewa safi kabisa. Msiba! Mashine inapima usafi mtupu! Nikafikiri: nikiikumbusha hali ya siku za kazi, huo si uongo. Nikachoma tairi kuukuu chini ya nguzo. Upepo, adui yangu wa kudumu, ukaingiza nusu ya moshi dirishani kwetu. Mama mkwe akatoka amejiziba uso kwa mtandio, akanikuta na kiberiti mkononi. Akakitazama kiberiti, kisha akanitazama mimi. Hilo ndilo lililoniuma. Mke wangu alisema kwa niaba ya wote wawili.

Jumatatu, 11 Machi
Afisa kaikuta mashine nyeusi tii na waya za tairi chini yake. Vipimo vyote vimefutwa. Msimamizi wa jalala kanishika mkono, kanishukuru. Kanishukuru! Kinyozi hakucheka. Alinionea huruma, afadhali angecheka.

Nilipokuwa nasugua masizi ukutani, mke wangu na kinyozi wakaenda kwenye foleni ya malori. Mama mkwe kang'ang'ania kwenda nao. Mke wangu anasema bibi alisimama mlangoni mwa lori la kwanza, akaliegemea, akasema: “Mwanangu, zima kidogo mpaka zamu yako ifike. Nami nipumue.” Dereva akazima. Akashuka kumwomba radhi. Akasema walidhani moshi haumsumbui mtu. Si kuna jirani huanika mashuka ukutani? Wa nyuma yake akazima, na wa nyuma yake.

Mke wangu alipofika hapo kwenye mashuka, akaninyooshea kidole.

Jumatano, 13 Machi
Foleni kimya. Mama mkwe kalala mchana bila kukohoa. Anakoroma, raha tupu. Mtaa mzima unampongeza kinyozi. Hakuna anayekumbuka nani aliyewachokoza watu hadi wakatoka nje! Mimi sidai shukrani. Nimelitaja tu hilo kwa jirani mmoja mmoja.

Imebaki jenereta. Mke wangu anasema yeye na kinyozi watamwona msimamizi wiki ijayo, wazungumze naye kwa utaratibu. Wazungumze! Mimi nimelichunguza bomba lake la moshi kupitia tundu la ukuta. Likizibwa kwa gunia bichi, moshi utapitia wapi? Hautakuwa na pa kupitia, basi utaacha. Ni hesabu ndogo tu, sijui kwa nini wasomi hawakuiona. Msimamizi huenda kula saa saba. Gunia limeshalowa.