Kuhusu Mama Yake Lumeka, Ambaye Hayumo Kitabuni

Shiundu Murunga, Fundi Viatu,
Ploti ya Mzee Githinji,
Kawangware, Nairobi.
10 Juni 1981

Kwa Bwana Kavoi,
Mwandishi wa riwaya za Taji la Wingu, Kitabu cha Kwanza hadi cha Nne.

Mheshimiwa Mwandishi,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na malalamiko ambayo nimeyapunguza mara tatu ili yatoshe bahasha moja. Mimi si msomi. Ila katika ploti yetu ya vyumba kumi na viwili, mimi ndiye huwasomea watu kwa sauti kila Jumapili wakitoka kanisani, kwa sababu nina sauti kubwa na nina miwani. Miwani yenyewe aliisahau mteja mmoja na hajarudi. Nalalamika kwamba kitabu chako cha tatu hakijitoshelezi, na kimenitia katika aibu ambayo sasa naieleza.

1. Kitabu hicho cha tatu nilikipata kwa muuza vitabu vikuukuu pale Riruta Satellite. Jalada lina farasi mwenye mabawa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mtu asikiguse kabla ya kusoma vingine viwili. Hata sumu ya panya huja na maelezo! Ukurasa wa kwanza tu, shujaa wako Lumeka anaruka ukuta wa wingu na kumwua mtu aitwaye Yule Msaliti. Alimsaliti nani? Mpaka leo sijui.

2. Sisi tuliotoka Mkoa wa Magharibi hatuwezi kusikiliza habari za mtu kabla ya kujua ni mtoto wa nani. Lumeka hajatua chini, Mama Nabwire wa chumba cha nne akauliza kwao ni wapi na mama yake ni nani. Nilipekua mbele, nikapekua nyuma. Hukuandika. Watu kumi na tisa walikuwa wananitazama, na mmoja wao ni Sella, anayeuza dagaa wa omena Kisumu Ndogo, kule Kibera, ambaye kila Jumapili hutembea kwa miguu kutoka huko kuja kusikiliza. Bwana Kavoi, nina miaka thelathini na minane na sijaoa. Ningesemaje "sijui" mbele ya Sella? Nikasema mama yake anaitwa Nafuna, na kwao ni Butere, karibu na stesheni. Nafuna ni shangazi yangu. Ndilo jina lililokuwa karibu.

3. Uongo huo ungekwisha siku ileile kama Sella asingempenda huyo mama. Ikawa kila Jumapili anauliza Nafuna yuko wapi. Basi katika sura ya tano, pale Lumeka anapotaka kufa kwa kiu jangwani, nilimtuma Nafuna na kibuyu cha uji. Katika sura ya tisa alimkemea mfalme wa majitu mpaka akaomba msamaha na kufagia ikulu. Kurasa zako kumi za vita niliziruka, kwa kuwa Nafuna hapendi kelele. Nakiri kwamba vita hivyo umeviandika vizuri.

4. Mzee Githinji, mwenye ploti, amechoka. Ardhi hii ilikuwa ya babake, na kila Jumapili anaambiwa uani kwake kwamba shujaa wa mawinguni ni Mluhya wa Butere. Ameingia mjini mwenyewe na kurudi na Kitabu cha Kwanza. Ametangaza kwamba kitasomwa Jumapili hii, na atakayesoma ni binti yake Wangoi, mwalimu, mwenye miwani aliyopimiwa. Jana mzee alinionyesha ukurasa wa pili kwa kidole. Umeandika hapo kwamba Lumeka hakuzaliwa na mwanamke. Alitoka ndani ya radi. Radi, Bwana Kavoi! Mtu mzima anaandika hivyo halafu anaweka jina lake juu?

5. Kwa hiyo naomba kila kitabu kijitosheleze, na kila anayeingia aseme kwao kabla ya kuchomoa upanga. Naomba pia Kitabu cha Kwanza kiondolewe madukani kote nchini kabla ya Jumapili saa nane, kisha ukurasa wa pili uchapishwe upya, Nafuna akiwa amesimama chini ya hiyo radi na mimba yake. Namna ya kuwaunganisha nakuachia wewe mtaalamu. Ikishindikana, njoo mwenyewe ukiri mbele ya watu kwamba ulikosea. Chai itakuwepo, na viatu vyako nitavitia soli mpya bure.

Simwogopi Githinji. Ninachoogopa ni uso wa Sella, pale Wangoi atakapofika ukurasa wa pili. Akijua nimemdanganya miezi sita hatakuja tena, na mimi Jumapili sina mgeni mwingine. Najua kosa ni langu. Ila langu halirekebishiki, na lako linaweza kupelekwa kwa mpiga chapa.

Nisalimie mkeo, watoto, mpiga chapa na yule aliyemchora farasi. Watu wote wa ploti wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nimekuandikia.

Nabaki wako mwenye heshima na masikitiko,
Shiundu Murunga.

N.B. Barua hii niliiacha juu ya meza ya kazi wino ukauke, nikaenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta Sella, aliyeleta kiatu kishonwe, ameketi kwenye kigoda cha wateja, ameisoma mpaka kwenye sahihi yangu. Akaniambia, "Wewe Shiundu, hiyo kitabu ya kwanza nilisoma kitambo, na ya pili pia. Mambo ya radi najua." Alivisoma kabla hajaanza kuja kwetu. Nikamwuliza sasa alikuwa akitembea njia yote hiyo kufuata nini. Akasema alitaka kuona huyo mama nitamtokeza wapi tena. Kwa hiyo, Bwana Kavoi, futa maombi yote. Kitabu cha Tano kisijitosheleze hata kidogo. Usiseme mtu ni mtoto wa nani, na ukiweza punguza maelezo hata katika hivyo vya zamani. Wangoi na asome. Sella ameniahidi atakuja mapema akae kando yangu, nimnong'oneze yale ambayo hukuyaandika.