Muhuri Kwangu, Wino kwa Shemeji

Jumatatu, 24 Juni

Ritani ya kodi ya ushirika wetu wa maziwa imejazwa. Mwandiko safi, hakuna mfuto hata mmoja. Nimeijaza mwenyewe, mimi katibu. Mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa saa kumi jioni. Ushirika unaowahi hupewa nafuu, haukatwi kodi kwenye maziwa ya wanachama wake. Ukichelewa hata siku moja, nafuu yote kwaheri. Na kwetu nafuu hiyo ndiyo tangi la kupozea maziwa, ambalo wanachama wamelingoja miaka mitatu. Mke wangu ni mmoja wao. Jana alimwaga ndoo mbili zilizochacha.

Kimebaki kitu kimoja tu, kugonga muhuri. Kwa utaratibu wetu muhuri hukaa kwa katibu na pedi ya wino hukaa kwa mweka hazina, ili asiwepo mtu wa kugonga jambo peke yake. Mweka hazina ni shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu. Kwenye mkutano mkuu wa Desemba alisema mbele za watu kwamba nasoma muhtasari kama mtu anayechambua mchele. Mwenyekiti alicheka hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo sijamfuata, wala simfuati. Mwenye wino atakuja kwenye muhuri.

Jumanne, 25 Juni

Hajaja. Amemtuma mwenyekiti aniambie kwamba muhuri bila wino ni kipande cha mti. Nami nikamtuma mwenyekiti akamwambie kwamba wino bila muhuri ni uchafu wa vidole. Mwenyekiti alikwenda, akarudi, akasema yeye si posta, akaenda kwa ng'ombe wake.

Jumatano, 26 Juni

Nimeugua. Yaani nimeamua kuugua. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: mgonjwa hutembelewa, shemeji hatembei bila mkoba, na pedi haitoki mkobani. Nikajifunika blanketi tangu asubuhi. Jasho likanitoka la kweli.

Amekuja bila mkoba. Alikuwa na chupa mkononi. Ana duka la dawa za mifugo, akasema hii ni ya ndama ila kikohozi ni kikohozi, na kwa uzito wangu vijiko vitatu vinatosha. Akaomba kijiko. Nikapona palepale.

Alhamisi, 27 Juni

Nimetengeneza wino wangu. Kalamu nne nimezivunja juu ya kitambaa, nikabonyeza muhuri, nikagonga. Ziwa la buluu. Jina la ushirika limezama, na mapato ya miezi mitatu yamezama nalo. Nimejaza fomu nyingine mchana kutwa kwa vidole vya buluu, karibu nilie.

Mke wangu aliuliza kwa nini nisiende tu kwa dada yake, dakika tano kwa miguu. Nikamwambia kuna kitu kinaitwa heshima. Akasema nitie hiyo heshima kwenye ndoo tuone kama itapoza maziwa.

Ijumaa, 28 Juni

Saa nane nimemeza kiburi. Nikatia muhuri mfukoni na fomu kwapani, nikapita njia ya nyuma nisionekane, hadi dukani kwa shemeji. Pamefungwa. Fundi viatu wa jirani akasema ametoka sasa hivi na pedi mkononi, anakwenda ofisini kwangu, kapita barabara kubwa. Nikarudi mbio kwa barabara kubwa. Ofisini hayupo. Alikuwa amechoka kunisubiri, akarudi kwa njia ya nyuma.

Mwishowe kila mmoja akakimbilia ofisi ya kodi kivyake, tukakutana mlangoni saa kumi na dakika kumi. Mlinzi alikuwa anafunga. Tuliiweka fomu juu ya kiti chake, tukagonga muhuri. Ulitoka mzuri, kila herufi inasomeka. Hapakuwa na mtu wa kuipokea fomu. Shemeji alikaa chini akalia, nami nikageukia ukutani.

Jumatatu, 1 Julai

Karani wa kodi ameniuliza karatasi ni ya nini. Mwaka huu ritani zinatumwa kwa mtandao. Hazitaki muhuri. Barua ya kutuarifu waliituma Januari, akasema, kwani hamkuipata?

Tuliipata. Iko mezani kwangu, imefungwa kama ilivyokuja. Kwetu barua haifunguliwi mpaka bahasha igongwe muhuri wa kupokelewa, na tangu Desemba mimi sina wino. Ziko barua kumi na tisa pale.

Nafuu imekwenda, na tangi limekwenda nayo. Nimemweleza mke wangu. Alichukua ndoo ya asubuhi akaimwaga mbele ya mlango wangu wa ofisi, watu wakiona. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Lakini karani kanionyesha tundu la mwisho. Tukiandika barua ya kueleza sababu ya kuchelewa, ikafika ndani ya siku kumi na nne, huenda wakatusamehe na kuturudishia nafuu. Mwenyekiti amesema tukishindwa na hili, anatutoa madarakani sote wawili, mimi na shemeji.

Jumanne, 2 Julai

Barua tayari. Ukurasa mmoja na nusu, haina mfuto. Sababu ya kuchelewa nimeandika "mawasiliano hafifu".

Karani alisema haihitaji muhuri. Huyo ni kijana, hajui ushirika. Barua ya chama bila muhuri ni mtu aliyetoka nyumbani bila suruali. Muhuri ninao mfukoni. Pedi iko kwa shemeji.

Ijumaa nilimfuata mimi. Safari hii ni zamu yake. Siku bado kumi na tatu, ninamsubiri hapa hapa.