Kilio cha Ofisi ya Pensheni

Leo nimeadhirika, dada zangu. Nawaandikia ninyi mliokaa nami kambi ya magereza kabla habari haijawafikia kutoka Mbale, maana huko wameshaanza kuitia chumvi.

Asubuhi nilikuwa kibandani kwangu hapa Jinja, nimeinjika chai ya wateja, akaja Mama Apio, yule jirani yetu wa zamani. Hata hakukaa. "Mama Okello, pole sana. Opio alikufa. Ofisi ya pensheni imekwisha futa yeye."

Opio ndiye mume wangu wa zamani, sajini wa magereza. Tuliachana. (Asiyejua aulize waliosikia sahani zikivunjika.) Nimemkasirikia mtu huyu miaka mingi, lakini sikuwa nimejiandaa kumkosa. Nililia kweli.

Halafu, katikati ya kilio, akili ikaniambia: pensheni!

Msinihukumu. Nilimfuata Opio kila alikohamishwa. Nikipanda mihogo, uhamisho unakuja kabla sijavuna. Nikianza biashara ya samaki, lori la magereza hilo mlangoni! Sare zake nilizipiga pasi mimi mpaka akapandishwa cheo. Na siku ya kuachana wazee walishinda mchana kutwa wakijadili ng'ombe wa mahari, warudi au wasirudi. Pensheni hakuna aliyeitaja, hata mimi mwenyewe. Sasa magoti yananiuma, na kibanda hiki sitaweza kukisimamia milele. Nikaona mazishi yatasubiri. Ofisi inafungwa saa kumi.

Nikajifunga kitambaa cheusi kiunoni, nikapanda gari la Mbale.

Mnajua desturi yetu: mfiwa hafiki kimyakimya. Ukifika kimya watasema wewe ndiye uliyemuua. Basi nilipofika tu kwenye geti la ofisi nikapaza sauti. "Wooi! Opio wangu! Umeniacha na nani!" (Aliniacha siku nyingi, lakini kilio kina maneno yake.) Watu wakanipisha. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono, akalia pamoja nami. Nikaingia nimefumba macho, nikajitupa chini mbele ya meza ya karani.

"Mama Okello! Wewe unafanya nini hapa?"

Sauti ile! Nikafumbua jicho moja. Nikaona fimbo, nikaona suruali, nikapandisha macho taratibu. Opio!

Amekonda, lakini mzima. Kumbe aliugua akakosa siku ya wastaafu kwenda kuhakikiwa kuwa wangali hai, na asiyefika huandikwa kuwa amekufa. Tangu asubuhi alikuwa pale akibishana na karani.

"Mimi iko hapa, bwana! Nasema na wewe! Maiti inasema?"

"Afande, faili inasema wewe alikufa," karani akamjibu, kisha akaninyooshea kidole. "Na ona, hata bibi yako analia wewe."

"Huyu si bibi yangu!"

"Sasa analia nini?"

Ofisi nzima ikanigeukia. Kwenye benchi alikuwapo mke mpya wa Opio, ananikagua kuanzia kilemba mpaka kile kitambaa cheusi. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

"Mama," karani akaniuliza, "wewe ni nani wa marehemu?" (Marehemu akaguna.)

"Nilikuwa mke wake."

"Muliachana?"

"Ndiyo."

"Basi hata angekufa kweli, wewe hapana pata kitu. Bibi ni yule wa benchi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia duka limefungwa. Nikalia tena, na safari hii sikumlilia Opio, nilijililia mwenyewe.

Opio akainama na fimbo yake. "Mama Okello, amka. Wanataka mtu alinijua nikiwa kazini. Bibi yangu alinikuta nimestaafu. Waambie mimi iko hai."

Nikamtazama. Ningeweza kunyamaza tu, na hasira niliyokuwa nayo ilinishauri ninyamaze. Lakini mtu akiwa hai ni hai. Nikafuta kamasi, nikasema, "Ni yeye. Ni mzima. Anakoroma, kambi nzima ilikuwa inalalamika."

Watu wakaangua kicheko, karani naye. Nikatia dole gumba kwenye faili lake, Opio akafufuka. Mke mpya akapiga vigelegele. Wakaondoka pamoja kwenda kwao Malukhu, hukohuko Mbale, na Opio alipofika mlangoni akageuka akasema asante. Asante tu, dada zangu.

Nimerudi jioni hii, na sauti imenikauka.

Chekeni, ruhusa mnayo. Ila kila mwenye mume kazini amuulize leo hii, "Ukiniacha, nitazeeka kwa nani?" Akijibiwa, ndipo acheke.