Uzinduzi wa Seva ya Hospitali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu, wajumbe wa Bodi, wakuu wa idara, manaibu wao na wanaokaimu nafasi za manaibu, madaktari, wauguzi, wagonjwa mliosimama na mnaonisikiliza mkiwa mmelala, itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Mkurugenzi wa Mifumo, nasimama hapa kwa unyenyekevu ambao wengi wameusifu, kueleza safari ya miaka mitatu ya kuichagulia seva yetu, yaani ile kompyuta kubwa ya kutunza mafaili ya wagonjwa wote, mfumo endeshi, ile programu mama ya kuiendesha, ulio imara, endelevu na shirikishi. (Mgonjwa anakohoa.)

Mtakumbuka chanzo. Mama mmoja aliletwa wodini akiwa na uchungu, faili lake halikuonekana, na nusura achomwe dawa inayomdhuru, kama si dada yake kumshika muuguzi mkono. Siku hiyo hiyo fundi wetu wa kompyuta alinifuata ofisini, akanishauri tuchukue toleo la zamani kidogo la mfumo huo, lililokwisha kujaribiwa na lenye uhakika wa marekebisho ya usalama kwa miaka kumi, tuachane na lile jipya linalobadilika kila baada ya miezi sita. "Bosi, wodi haitaki mapya," alisema. "Inataka kitu kisichozimika." Alitumia dakika nne. Mimi, kwa kuwa sina pupa, niliunda kamati. (Minong'ono.)

Kamati ilikaa vikao arobaini na kimoja, ikazaa kamati ndogo ya kufafanua neno "imara", ikaandaa warsha, semina na prezentesheni, na hatimaye asilimia tisini na saba ya wajumbe, chini ya uongozi wangu mahiri, wakapitisha toleo lile lile alilolitaja fundi. (Makofi. Fundi anatazama viatu vyake.)

Semeni nami: Mfumo! (Wachache: "Imara.") Seva! (Kimya.)

Namalizia kwa shukrani. Namshukuru fundi, aliyenikumbusha asubuhi hii kwamba katika kushughulikia mfumo endeshi tulisahau kuagiza seva yenyewe, hivyo chumba kitakachokatiwa utepe kina feni na kiti. Na kipekee namshukuru dada wa mapokezi, ambaye kwa miaka yote mitatu amewaandika wagonjwa kwa mkono kwenye daftari alilolipiga mistari mwenyewe, na hajampoteza hata mmoja. Dada, simama wakuone. (Hasimami. Kuna mgonjwa dirishani, anamwandika.)