Kimya cha Tokyo

Jumapili, 12 Aprili 2026
Basi nikamwambia Amur ntaweza. Mie! Kukaa kimya! Andika hivyo hivyo, Zakiya, wewe mke wake ndiye shahidi wangu, na tiketi yenyewe ya Tokyo ilikuwa yako, kazini wamekunyima ruhusa. Mwanangu kasema treni za Tokyo watu wamo kama tende zilizoshindiliwa, na hapana anayefungua mdomo. Basi Ijumaa ananijaribu: garini, kutoka mtaani kwetu Darsait mpaka Qurum, neno lisinitoke. Likinitoka, anakwenda na shangazi yake Mahfoudha. Wifi yangu huyo! Kenda Istanbul mara moja, mpaka leo anatuhadithia kila tukikaa kula.

Lakini Tokyo, mashaallah! Si umenionesha kwenye simu? Taa inawaka, watu wanavuka njia kutoka pembe zote, bahari ya watu, na hapana anayemkumba mwenzake. Na taka zao wanarudi nazo nyumbani mfukoni! Watu wazima na makoti yao! Lazima nikaone kabla macho hayajaniacha.

Jumatatu, 13 Aprili
Nimefanya mazoezi kwa halwa. Bonge mdomoni, maneno yanakaa nyuma. Nikenda duka la samaki hapo chini. Muuzaji kaniambia jodari wa leo. Wa jana, wallahi, macho yake nimeyaona! Nikatikisa kichwa tu. Halwa ikesha kabla ya adhuhuri. Nimehamia kwenye kokwa ya tende. Haiyayuki. Akili hiyo!

Jumanne, 14 Aprili
Mahfoudha kapiga simu. Nikapokea, nikapumua. Kauliza mzima? Nikapumua. Kauliza nimemkasirikia? Nikapumua. Wifi, wifi, mpaka sauti ikamkauka. Nikakata. Ushindi! Tokyo nzima wangenipigia makofi, ya kimya kimya.

Jumatano, 15 Aprili
Balaa! Darsait yote imesikia nimenuna. Baada ya alasiri mlango unagongwa: Mahfoudha, shela limelowa machozi, chupa ya kahawa mkononi, majirani nyuma yake wamekuja kusuluhisha. Kanitaka radhi. Kasema ni kweli, ni yeye aliyewaambia wageni biriani ya arusi ya Amur niliiagiza mkahawani.

Mie habari hiyo hata siijui! Miaka yote hii nadhani watu walikula kidogo kwa adabu!

Na kokwa imo mdomoni. Nikampa mkono. Majirani wakasema mashaallah, bibi huyu ana subira. Nimeimeza kokwa.

Ijumaa, 17 Aprili
Baada ya sala. Amur kwenye usukani, mie mbele, Mahfoudha nyuma, akiba nikishindwa mie. Wewe ulibaki, umekosa. Ruwi tumepita, kimya. Wattayah, kimya. Amur kaipita njia ya kuingilia Qurum. Makusudi, namjua, nimemzaa! Nikaling'ata shela. Gari inakwenda Al Khuwair, kwenye mawizara, na Ijumaa yamefungwa! Mara sauti nyuma: Amur mwanangu, umepita!

Mahfoudha! Kasema yeye!

Nikageuka. Nikamwambia kasema, kashindwa, akae na Istanbul yake. Na biriani ile nimeipika kwa mikono yangu, mchele nimeuchagua punje punje, zafarani kaniletea marehemu kaka yake. Kanijibu, basi chumvi kaitia nani? Hivyo hivyo mpaka Al Khuwair.

Amur kaegesha pembeni, kichwa kakilaza kwenye usukani. Nikadhani analia. Anacheka! Kasema hajacheka hivi tangu baba yake atutoke. Akapangusa macho, kasema haya Mama, Tokyo twende, mie na wewe.

Jumamosi, 18 Aprili
Nshapanga. Kwenye treni ntakaa kimya, hilo nshajifunza. Ntatoa salamu tu, nianzie kulia kama kwenye majlis, ukumbini kwa wageni, mmoja mmoja, nimuulize na hali ya wazee wake. Utaingiaje kwenye watu ukakaa kama gogo? Watu wazuri vile, watadhani nimenuna. Halafu ntampigia simu Mahfoudha humo humo ndani, akisikie kile kimya chao. Ntamhadithia kituo kwa kituo.

Amur ananiita, nikapigwe picha ya viza. Kasema mpiga picha anataka mdomo ufumbwe. Haya baba, nakuja! Weka kalamu, Zakiya. Kwani huyo mpiga picha mtu wa wapi? Mamake namjua?