Kipande cha Tano cha "Posa ya Tatu"

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Misa ndefu. Baada yake kikao chetu cha wasomaji nyumbani kwa Madamu Feresita, hapa Bwera. Ametangaza kwamba anahamia Kilembe kwa binti yake. Sanduku la vitabu analiacha. Ufunguo atamkabidhi mmoja wetu Jumapili ijayo, yule atakayetoa maoni mazuri kuliko wote juu ya riwaya mbili za mwezi huu.

Moyo umeruka! Nina miaka arobaini na mbili na sijawahi kuchaguliwa kuwa chochote. Kwaya walininyima. Kamati ya mazishi walininyima, na kule nilikuwa mgombea peke yangu. Mwenye ufunguo ndiye anayechagua vitabu na ndiye anayekalia kiti chenye mikono. Nakitaka kile kiti mpaka naona aibu.

Mpinzani ni mmoja tu. Benon. Katibu wa kila kitu chenye muhuri.

Riwaya ya zamani ni "Posa ya Tatu". Mjane, Bi Mwanaidi, anaposwa na mwenye mashamba ya minazi, anaposwa na mwalimu wa chuo, halafu kipande cha nne kinaishia pale inapoletwa barua ya posa ya tatu, haina jina. Kaiandika nani? Riwaya ya maajabu ni "Mlima Uliotembea", ambamo mlima unaamka asubuhi na kwenda kumtafuta mtoto wake. Nakala ni moja moja na sisi tuko kumi na wanane. Ndiyo maana Madamu hukata kila kitabu vipande vitano kwa kisu cha fundi viatu, akavivika karatasi ya mfuko wa saruji, tukabadilishana siku za soko.

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo vipande vinavyolegea huja kwangu. Leo kanipa kipande cha tano cha "Posa ya Tatu" nikikaze uzi kabla hakijaanza kuzunguka. Hakuna mwanachama aliyekwisha kukisoma. Madamu mwenyewe anaujua mwisho, ila hasemi mwisho wa kitabu hata umfunge kamba.

Nimekishika mkononi njia nzima. Chembamba. Nimewaza mambo.

Jumatatu, 9 Juni

Nimefanya.

Kwenye msumari wa duka letu kuna suti ya kijivu, koti na suruali, aliyoagiza mtu wa Muhokya kwa ajili ya harusi yake. Miaka miwili hajaja kuichukua. Labda bibi harusi alibadili mawazo. Nilisubiri Martine aende kununua mkaa. Martine ni mwenzangu wa dukani na kikaoni, ametoka Beni, ng'ambo ya mpaka, ana cherehani nzuri kuliko yangu na anapenda kunikumbusha. Nikafumua bitana ya koti. Nikafumua na uzi wa kipande cha tano. Kurasa ishirini na mbili, yaani karatasi kumi na moja, nikazitandaza ndani, jalada la saruji juu yake, nikarudishia bitana harakaharaka. Mtu hawezi kujua!

Jioni Madamu alituma kuulizia. Nikajibu kwamba nilikiacha dirishani kwake tangu asubuhi. Mjumbe akataka niape. Sikuapa. Nilisema tu kwamba naapa.

Mpango ni huu. Jumamosi nitakitoa na kukisoma kwa utulivu. Jumapili nitasema niliwahi kukisoma zamani nikiwa shule. Wote watakuwa na maoni ya vipande vinne, mimi vitano.

Jumanne, 10 Juni

Kuna jambo sikulifikiria. Mama.

Mama yangu, Bulandina, macho yake hayaoni herufi tena. Kila jioni Jeanine huja kumsomea. Jeanine, mwanachama mwenzetu, anauza vitenge soko la Mpondwe, kwao ni Butembo, ng'ambo ya mpaka pia, na ana sauti inayomfanya mama aache sufuria iungue. Leo kaja mikono mitupu. Kipande cha tano kimepotea, kasema.

Mama alishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba. Kisha akaanza. "Hiyo barua nani aliandika? Mimi nitakufa bila kujua!" Nikamwambia hafi. Akasema nimejuaje. Mama anamshuku mwadhini wa kitabuni. Jeanine anasema si mwadhini, mwadhini angetia jina. Wakabishana saa nzima. Niliketi palepale nikila mihogo, najua barua iko wapi, ingawa sijui kaiandika nani.

Wakasoma "Mlima Uliotembea" kujiliwaza. Mama hakupendezwa. Alitaka kujua mlima ukitembea mashamba ya watu yatafanywa nini. Nikasema ni hadithi tu. Akanikumbusha jinsi mto Nyamwamba ulivyotoka mahali pake ukabeba nyumba za watu, na huo ulikuwa mto tu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeandaa maoni yangu juu ya mlima. Nimesoma kipande cha kwanza na nusu ya cha pili, inatosha. Mlima ni mfano wa serikali. Kitu chochote kikubwa katika riwaya ni mfano wa serikali, Benon husema hivyo kila mwezi na watu huitikia kwa kichwa.

Martine alisikia nikifanya mazoezi. Akasimamisha cherehani. "Serikali gani? Ule mulima iko na roho ya mama." Kisha akaendelea kushona.

Mama ameanza sala kwa Mtakatifu Antoni, msaidizi wa vitu vilivyopotea. Kesho ni sikukuu yake. Ameniomba niongoze. Nimeongoza! Sauti ilinitetemeka, mama akadhani ni ibada. Akanishika mkono akasema mimi ni mtoto mwema. Nilijisikia vibaya sana, karibu dakika tano.

Jumamosi si mbali. Nikishasoma nitamnong'oneza mwisho. Baada ya kupata ufunguo.

Ijumaa, 13 Juni

Asubuhi Kasese kutafuta zipu na vifungo. Nimerudi saa nane, njaa kali. Martine kaniwekea samaki wa kukaanga, wa Katwe, mnene. Nikamla mzima. Nikalamba na vidole. Ndipo nikauliza katoka wapi.

Akasema ametoka kwa Benon. Alikuja anatafuta koti la kuvaa Jumapili, apendeze kwenye kikao. Martine kamwazima lile la kijivu kwa samaki wawili.

Nikasema koti lipi. Akasema lile. Nikasema lina mwenyewe! Akanitazama. "Miaka mbili iko ku musumari. Musumari hauna harusi."

Nimeenda nyuma ya duka nikakaa juu ya jiwe. Mtakatifu Antoni hakumpa mama kipande chake. Amempa Benon!

Jumamosi, 14 Juni

Nilikwenda kwa Benon mapema. Nikamweleza kwamba mkono wa kushoto una kasoro, aniachie nirekebishe. Akasema hauna. Alikuwa amelivaa ndani ya nyumba ili limzoee. Akainua mikono juu, akaishusha, akageuka. Koti likalia kwarakwara. Akafurahi. Akasema kitambaa cha siku hizi hakina sauti ile, hii ndiyo sufu ya kweli.

Nikaomba chai. Nia yangu ilikuwa kuimwaga kidogo begani kwake, bahati mbaya tu, koti livuliwe. Nimeimwaga. Kwenye paja langu mwenyewe. Benon ni mwepesi kuliko anavyoonekana. Akanipa taulo na kuniombea.

Basi. Mwisho siujui. Kesho saa nane. Itabidi niutunge. Nimejaribu mwadhini, mama atakuwa amekisia, haipendezi. Nimejaribu mwenye minazi kuandika mara ya pili, ubahili mtupu. Nimepata! Mumewe hakufa! Yuko ng'ambo, amesikia mkewe anaposwa, anamposa upya. Nimelia mwenyewe nilipokuwa nikitunga. Hivi kweli huyo mwandishi anaweza kuwa na mwisho mzuri kuliko huu?

Jumapili, 15 Juni

Naandika kwa ufupi.

Wote kumi na wanane walikuja, na mama mstari wa mbele, Jeanine kamshika mkono. Ufunguo mezani juu ya kitambaa cheupe. Madamu kwenye kiti chenye mikono.

Jeanine alianza. Alikuwa mfupi. Alisema mwisho haujui, hivyo hataizungumzia barua. "Lakini ule mujane, hakuna hata mutu mumoja alimuuliza anapenda nini. Na ule mulima vilevile. Watu wote wanapiga kelele irudi ku mahali yake, hakuna wa kuiuliza inatafuta nani." Akakaa. Nikaandika kwenye kiganja: dhaifu, haina serikali.

Benon alizungumza dakika arobaini. Mlima ni serikali (mwizi!). Minazi ni serikali. Kila alipoinua mkono, kwara. Akapumzika, kwara. Nilikuwa natokwa na jasho kwa ajili ya mishono yangu na hata koti sikulivaa mimi.

Kisha mimi. Nikasema kitabu hiki nilikisoma nikiwa shule na mwisho naukumbuka vizuri. Watu wakavuta viti. Nikawapa mume aliye hai, barua, machozi, bandari. Mama alifunika mdomo kwa kanga. Madamu, anayeujua mwisho, alinitazama muda wote kwa upole wa ajabu, kama mwalimu anayemwacha mtoto amalize kujibu. Nikadhani ni ishara nzuri!

Benon akaruka kupinga. Huyu hana kumbukumbu yoyote, akapaza sauti, shule gani hiyo yenye kitabu hiki, na akanyoosha mikono yote miwili juu. Bitana ikachanika kwapani. Karatasi moja ikashuka. Ya pili. Zikashuka zote, na mwisho jalada la saruji, limeandikwa 5 kubwa.

Wakamwangukia Benon. Mwizi! Alijipapasa mifukoni kana kwamba ana muhuri wa kumtetea, yeye katibu. Na mimi nilinyamaza. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilinyamaza, na niliona raha. Ilidumu muda wa kumeza mate mara mbili.

Martine aliokota kipande cha bitana, akatazama mishono. "Hii mishono ya mbio namna hii," akasema, "Bwera yote iko na mutu mumoja anashona hivi." Akaninyooshea kidole. Kisha akaeleza koti lilikuwa wapi miaka miwili.

Mama hakunitazama. Hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu: "Jeanine, soma."

Jeanine akazipanga karatasi, akasoma. Barua ya tatu kaiandika Bi Mwanaidi mwenyewe. Alijiposa. Alijiandikia barua usiku, akamlipa mchukuzi ailete mchana mbele ya wale wawili, ili waamini kuna mwingine aliyewatangulia na wamwache na nyumba yake na mwembe wake.

Baba alifariki mimi nikiwa na miaka tisa, na nakumbuka wanaume waliokuwa wakija na mbuzi, na jinsi walivyoacha kuja ghafla. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akapangusa macho, akampiga Jeanine pajani akasema, "Mimi nilisema niko na mchumba Kampala!" Nyumba nzima ikacheka naye. Kisha akageuza uso upande wangu na kusema kwamba mwisho wangu ulikuwa wa mwanaume.

Ufunguo kapewa Jeanine. Hakuna aliyepinga. Hata Benon alipiga makofi, bitana ikining'inia.

Jumatatu, 16 Juni

Mama hanisemeshi. Anamsemesha kuku nikiwa karibu, ili nisikie. Leo Jeanine amemsomea kipande cha tano mara mbili, na nilipoingia wakanyamaza. Nimejuta. Nimejuta kabisa. Sitarudia tena maishani.

Amri ya kwanza ya mwenye ufunguo mpya: vitabu havikatwi tena. Vyote vilivyokatwa vishonwe upya viwe vizima, na mshonaji ni mimi, bila ubishi, iwe adhabu na fundisho. Bodaboda ameleta sanduku zima hapa dukani. Vitabu kumi na vitatu. Nimevipanga sakafuni. Vipande vya tano viko kumi na vitatu.

Yaani miisho yote ya Bwera iko miguuni pangu.

Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Kosa langu halikuwa kuficha. Kosa lilikuwa mishono ya haraka, na kutosoma mapema. Jeanine atafungua kikao chake cha kwanza mwezi ujao. Mwisho wa kitabu ukikosekana, watamgeukia nani?

Benon amerudisha koti, kalitupa mlangoni bila salamu. Nimeshona kwapa vizuri, mishono midogomidogo, hata Martine hakupata la kusema. Limerudi kwenye msumari. Koti halifai tena, sasa linajulikana.

Lakini yule mtu wa Muhokya aliagiza na suruali.